Mtungi wa Namsemba

"Macho hufichwa ufa, maji hayafichwi."

Bibi Naetwe aliyasema maneno hayo bila kupandisha sauti, huku akimimina maji kwenye chungu ambacho mwanafunzi wake mmoja alikuwa amekipaka udongo mwembamba ubavuni ili kionekane kizima. Wasichana wanne waliokuwa wakijifunza kufinyanga kwake wakatazamana. Mwenye chungu akainamisha uso.

"Umeumbuka, Nkiambi," mwenzake akamtania.

"Na chako cha juzi kilikuwaje? Si kilikaa upande kama mlevi?"

Walipomaliza kucheka, msichana mkubwa kuliko wote aliuliza, "Bibi, maneno hayo yalitoka wapi? Mama huyasema hata nyumbani, hata pasipo chungu."

Bibi Naetwe aliweka kata chini, akafuta mikono kwenye khanga yake. "Yalitoka kwa mwanamke aliyekuwa fundi kuliko sisi sote hapa," alisema. "Na wewe Nkiambi usilie. Chako ni cha maharage tu. Mtungi wake haukuwa wa maharage."

Basi chimbuko la methali hii, kama alivyolisimulia siku ile, ni hili.

Zamani, kabla ndoo za bati hazijapanda milimani, kijiji cha Mrindi kilisifika kwa vyungu vyake. Kufinyanga kulikuwa kazi ya wanawake peke yao. Mwanamume hakukanyaga shimo la udongo, na hakuna aliyemzuia kwa fimbo; alijua tu kwamba pale si pake, kama alivyojua kwamba chumba cha mwanamke anayejifungua si pake. Wanawake walipofika ukingoni mwa shimo walivua viatu vya ngozi, wakafungua vilemba, wakalegeza mafundo ya nguo viunoni, kwa maana aendaye kuomba kwa mama haendi amejikaza. Mkubwa wao aliweka kiganja juu ya udongo na kusema, "Mama, tunakuchimba, usituchimbe." Ndipo walipoanza kuchimba.

Kwao mtungi ulikuwa mwanamke mwenzao. Una mdomo, una shingo, una mabega, una tumbo, na mwisho wa yote hukaa chini ukabeba. Kwa hiyo msichana aliyeolewa alipopata mimba, mama yake mzazi alimfinyangia mtungi wa mimba. Tumbo lake lilikuwa la mviringo kama boga lililoiva, na katikati paliwekwa kitovu. Mjamzito aliyanywa maji ya mtungi huo peke yake, na mtoto alipozaliwa, maji yaliyomfikia kwanza yalitoka humo.

Ilikuwapo sheria moja. Mtungi wa mimba ulipotoka motoni, haukupelekwa popote kabla wanawake watatu hawajaugonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima hulia kama kengele ya mbuzi. Wenye ufa hutoa sauti nzito, iliyokufa. Ukitoa sauti hiyo unavunjwa papo hapo, vigae vinasagwa na kuchanganywa na udongo mpya, kazi inaanza upya.

Nakunzwa alikuwa fundi wa mitungi hiyo. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Namsemba, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo mkavu wa mlima ambako boma moja na jingine yalitengana kwa mwito wa sauti kubwa. Namsemba alikuwa amepoteza mimba mbili. Mara mbili Nakunzwa alikuwa amevuka bonde, akasimama kando ya kaburi dogo nyuma ya migomba, akaivunja mitungi yake kwa mikono yake mwenyewe, kama desturi ilivyotaka. Kijijini walianza kunong'ona. Wengine walisema tumbo la binti limeharibika, wengine wakasema mkono wa mama umeishiwa baraka. Nakunzwa aliyasikia yote mawili, na usiku hakujua lipi linamuuma zaidi.

Namsemba alipopata mimba ya tatu, Nakunzwa alifinyanga kama mtu anayeomba. Alikanda udongo siku tatu. Aliviringisha vipande virefu kama nyoka, akavipandisha kimoja juu ya kingine, akalainisha nje kwa gunzi la mahindi na ndani kwa kokoto ya mtoni. Kuzunguka tumbo alichora majani machanga ya kangaga, yale ambayo hayajakunjuka, yamejikunja kichwa kwa mkia kama kitoto kilicho tumboni. Aliyachora arobaini, na kila moja aliliambia neno.

"Kaa," aliliambia. "Kaa. Kaa hapo."

Mtungi ulikauka kivulini mwezi mzima. Siku ya kuuchoma, anga lilikuwa safi. Nakunzwa aliupasha moto taratibu, akaufunika kwa kuni, magome na nyasi kavu, akawasha. Moto ulipokuwa umeshika sawasawa, upepo wenye manyunyu ukashuka ghafla kutoka kileleni. Haukudumu hata muda wa kumenya ndizi. Lakini Nakunzwa alisikia ndani ya moto sauti ndogo, kavu, kama kijiti kinachokanyagwa.

Alipoutoa mtungi na kuufuta majivu, aliuona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole, umeanza chini ya majani ya kangaga, upande wa kushoto wa kitovu, ukashuka kuelekea kitakoni. Hakuna mwingine aliyekuwapo.

Aliketi nao mapajani hadi majivu yakapoa. Alijua inavyompasa. Jiwe lilikuwa karibu na mguu wake. Lakini alijua vilevile kwamba habari ya mtungi wa Namsemba kupasuka motoni ingevuka bonde kabla ya jua kuzama. Binti yake angejishika tumbo na kusubiri. Angeibeba mimba ile kama mtu anayebeba maiti. Nakunzwa hakuweza kumfanyia hivyo mtoto wake. Aliingia ndani, akayeyusha nta ya nyuki, akaichanganya na ulimbo na masizi, akaisukuma ndani ya ufa kwa kidole gumba, ndani na nje. Kisha akaupaka mtungi mzima mafuta ya mbarika ukang'aa. Hata yeye alipousogeza mbali kidogo hakuweza kuuona ufa tena.

Asubuhi walikuja wanawake wawili wa kugonga. Mmoja alikuwa mzee ambaye masikio yake yalikwisha kumtupa. Wa pili alikuwa Nanguma, dada wa marehemu mume wake, aliyefinyanga naye tangu ujana.

Nakunzwa aligonga wa kwanza. Aligonga begani, juu ya majani, na mtungi ukalia. Mzee naye akagonga begani, kwa kuwa ndipo alipoona mwenzake amegonga, akaitikia kwa kichwa kwa furaha kana kwamba amesikia.

"Hebu nipishe," alisema Nanguma. "Nyie mnagonga mabega. Kwani mtoto anakaa begani?"

Alikunja kidole, akagonga tumboni. Sauti ilitoka nzito na fupi. Nanguma akagonga tena, polepole zaidi, kisha akainua macho. Nakunzwa alikuwa akimtazama. Alimtazama tu, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Nanguma akaushusha mkono.

"Umelia vizuri, wifi," alisema.

Namsemba aliupokea mtungi kwa mikono miwili, akauegemeza shavu. Mama mkwe wake, Mama Kihedu, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mwema, alisema haijawahi kuingia nyumbani mwake kazi nzuri kama ile. Waliuweka kwenye kona ya baridi, juu ya ngata. Namsemba akateka maji ya kwanza mwenyewe, alfajiri, kwenye chemchemi ya wanawake chini bondeni, akaujaza.

Miezi ikapita, na mimba ikakaa. Ikapita mwezi ambao ile ya kwanza ilitoka, ikapita na ule wa pili. Nakunzwa alikuwa akihesabu kwa mafundo kwenye kamba ya mgomba. Kila fundo jipya alijiambia kwamba nta imeshika, na Mama wa udongo amemsamehe. Mara tatu alitoka nyumbani akiwa amekusudia kusema. Mara mbili aliishia kwenye daraja la magogo, akarudi. Mara ya tatu alifika, amebeba mkungu wa ndizi.

Namsemba alikuwa amenenepa usoni. Alimkalisha mama yake karibu na mtungi, akamtekea maji ya wageni kutoka kwenye kibuyu, akacheka.

"Haya ya mtungini sikupi, mama. Ni ya huyu. Nikiyanywa anacheza. Weka mkono uone."

Nakunzwa aliweka mkono tumboni mwa bintiye, akasikia mtoto akigeuka. Na alipoinamisha kichwa ili asionekane macho, aliona chini ya mtungi, upande wa kushoto, udongo wa sakafu umekuwa mweusi kwa unyevu. Lilikuwa doa lenye ukubwa wa kiganja.

Namsemba aliona anapotazama. "Siku hizi unatoka jasho," alisema. "Tangu ianze baridi mama mkwe amenisogezea moto huku, nisilale na kibaridi. Labda ndiyo sababu. Ni vibaya?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Nakunzwa aliuona wazi kabisa mbele yake. Angesema neno moja, binti angepata vibuyu vya akiba, mtungi ungepelekwa mbali na moto, wangelia kidogo, yangekwisha. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya tumbo, na mtoto alikuwa anacheza, na uso wa Namsemba ulikuwa na amani ambayo hakuwahi kuiona tangu binti huyo avuke bonde kama bibi arusi.

"Si vibaya," alisema. "Mtungi mzuri hutoka jasho."

Desturi haikumruhusu mama wa binti kulala kwa wakwe kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo jioni alirudi kwake.

Siku kumi na mbili baadaye watu wa mgongo ule wote walikuwa wameteremka kuvuna mtama, na nyumbani walibaki Namsemba na mama mkwe wake. Uchungu ulimshika asubuhi, kabla ya wakati wake. Mama Kihedu hakuogopa. Alikuwa amewazalisha majirani si mara moja. Alitandika ngozi, akachochea moto, akampa binti kamba ya kushika, na muda wote alikuwa akizungumza.

"Vuta pumzi, mwanangu. Vivyo hivyo. Huyu ana haraka kama baba yake. Nilimzaa njiani, huyo mume wako, nimebeba kuni. Ngoja nikutekee maji."

Alizamisha kata mtungini, na kata ikakwaruza udongo.

Alikuwa ameujaza jana yake jioni kwa maji aliyoyapanda nayo mwenyewe. Alipiga magoti, akapapasa sakafu. Ilikuwa tope. Nta iliyolegezwa na moto siku baada ya siku ilikuwa imeachia usiku ule, na mtungi ulikuwa umeyatoa maji yote ardhini, kimya, pasipo yeyote kusikia. Kwenye vibuyu mlikuwa na mafunda machache tu. Nani anaweka akiba ya maji penye mtungi wa mimba?

"Mama, usiniache," alisema Namsemba.

"Siwezi kukupokelea mtoto kwa mikono mikavu, mwanangu. Muda bado upo, nakwenda mbio. Nitapita nikiita watu njiani. Usisukume mpaka nirudi, umesikia? Lala ubavu."

Mama Kihedu alishuka akikimbia, akiita, na mgongo wa mlima ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Mwendo wa kwenda chemchemini ulikuwa mfupi. Wa kurudi, kwa mama wa umri wake mwenye maji kichwani, ulikuwa mrefu.

Mtoto hakungoja. Alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni, mizunguko miwili. Palihitajika mkono mmoja tu wa mtu mwingine, vidole viwili vya kuingia chini ya ule utepe na kuupitisha juu ya kichwa. Namsemba alikuwa amelala, haoni, hajui. Mama Kihedu alipoingia, maji yakimwagika mabegani, alimkuta binti amekaa ameegemea ukuta, amemfunika mtoto kwa khanga yake mwenyewe. Mtoto alikuwa wa kike, mzima kila kiungo, mwenye nywele nyingi. Alikuwa bado ana joto.

Nakunzwa aliitwa. Alivuka bonde kwa mara ya tatu kwa safari ya namna ile, na njia nzima hakulia, kwa sababu alikuwa hajaambiwa kilichotokea ila matokeo tu, na alikuwa akiomba iwe jambo jingine. Homa, alijiambia. Au mkosi. Au hata mkono usio na baraka, afadhali huo.

Nyuma ya migomba walikuwa wameshachimba. Mama Kihedu aliuleta mtungi ili uvunjwe, na alipouinamisha kumwaga matone yaliyobaki, kipande cheusi kilidondoka kutoka ubavuni, kikaanguka kwenye majani makavu. Namsemba alikiokota. Akakigeuza kiganjani. Ilikuwa nta, na juu yake palikuwa na chapa ya kidole gumba, mistari yake yote imeonekana.

Akamtazama mama yake.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua tangu motoni," alisema Nakunzwa.

"Na siku ile ulipokuja na ndizi?"

"Nilijua."

Mama Kihedu aliuweka mtungi chini, kando ya kaburi.

"Nilitaka ubebe mimba yako kwa amani," alisema Nakunzwa. "Nilitaka miezi michache tu usiogope. Sikujua..."

"Ningeogopa, mama," alisema Namsemba. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Ningeogopa siku moja, au mbili. Halafu ningejaza kibuyu. Si ni hivyo tu? Ningejaza kibuyu kimoja, nikakiweka kando."

Nakunzwa alikaa chini pale pale, juu ya udongo uliochimbuliwa. Hakuna jiwe lililompiga kama kibuyu kile.

Mtungi hakuweza kuuvunja. Mikono ilikataa. Namsemba ndiye aliyeuvunja, kwa pigo moja.

Baada ya hapo binti hakumlaani mama yake, wala hakumkataa. Kila mavuno alivuka bonde na kapu la mtama, akapiga magoti, akasalimu kwa adabu zote, akauliza hali, akafagia uwanja, akarudi kwake. Hakumwambia tena aweke mkono tumboni, kwa maana tumbo lake halikubeba tena. Nakunzwa angependa atukanwe. Angalau tusi humkaribisha mtu karibu.

Aliacha kufinyanga. Zana zake, gunzi na kokoto, alimpa Nanguma, na Nanguma alipozipokea alisema bila kumtazama, "Nilisikia siku ile, wifi. Nilisikia mara mbili."

"Najua ulisikia."

"Nilikuhurumia."

"Najua. Nami nilimhurumia yeye."

Wakakaa. Kisha Nanguma akazifunga zile zana, akaenda nazo.

Mwaka uliofuata binti wa Nanguma akapata mimba, na Nanguma akafinyanga mtungi. Siku ya kugonga walikuja wanawake wengi, na kwa heshima ya ufundi wake wakamwita Nakunzwa awe mgongaji wa kwanza. Alikuja taratibu. Alikuwa amezeeka kuliko mwaka mmoja unavyoweza kumzeesha mtu. Walimsogezea mtungi. Ulikuwa mzuri, umechorwa masuke ya mtama.

Hakukunja kidole.

"Leteni maji," alisema.

"Hatujagonga bado, dada," mmoja alimkumbusha. "Maji si desturi."

"Kidole ni cha mtu, na mtu ana huruma. Leteni maji."

Wakaleta. Nakunzwa akaujaza mtungi hadi shingoni, akaketi mbele yake. Wengine nao wakaketi, wakidhani ni majonzi yanamsumbua, na wachache wakaanza kunong'ona na kutaka kurudi mashambani. Kivuli cha nyumba kikasogea, kikawapita miguuni. Ndipo chini ya masuke ya mtama ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukachora polepole bila mkono wa mtu, na mwisho wake tone likavimba, likaanguka.

Nanguma alishika mdomo. "Haki ya Mungu, wifi, sikuuona," alisema. "Huu sikuuona kabisa."

"Nimekuamini," alisema Nakunzwa. "Mimi wangu niliuona, nikawaficha watu wote, nikamficha hata mtoto wangu. Macho hufichwa ufa, maji hayafichwi. Vunja, wifi. Vunja sasa, binti yako akiwa bado ana muda wa kuogopa."

Nanguma alichukua jiwe akavunja. Binti yake alilia kwa kwikwi mbele ya watu wote, akaogopa siku ile na ya pili yake. Kisha wakasaga vigae, wakarudi shimoni, wakalegeza mafundo ya nguo, wakaanza upya. Mtoto wa binti yule alizaliwa salama, na siku ya vigelegele Nakunzwa hakuonekana kiwanjani. Alikuwa kwake, mlango umefungwa. Mtoto yule alipokua, hakuwahi kujua ni kwa nini bikizee yule wa pembeni mwa kijiji alikuwa akigeuza uso kila alipopita.

Tangu hapo mitungi ya Mrindi haikugongwa tu. Hujazwa maji, na watu huketi wakasubiri. Na maneno ya Nakunzwa yalitoka kwenye mitungi yakaingia majumbani. Husemwa kwa mume anayekohoa damu akamwambia mkewe ni vumbi, na kwa mama anayewaambia wanawe ameshiba wakati sufuria ni tupu, na kwa yeyote yule anayeficha jambo kwa sababu anapenda, akiomba ukweli wake usije ukahitajiwa.

Bibi Naetwe alinyamaza. Kwenye chungu cha Nkiambi maji yalikuwa yameanza kutokeza ubavuni. Hakuna msichana aliyemcheka mwenzake safari hii. Mkubwa wao aliuliza, kwa sauti ya chini, kama Namsemba alikuja kumsamehe mama yake.

"Alimzika vizuri," alisema Bibi. "Alimwosha kwa maji ya chemchemi, aliyoyateka mwenyewe. Zaidi ya hapo hakuna anayejua."

Macho hufichwa ufa, maji hayafichwi.